Pasi ya treni ya siku 5, hosteli 6, khanga 2: nilivyozunguka Ulaya peke yangu

Nianze na hesabu, maana ndiyo kila mtu anayoniuliza. Pasi ya Eurail (tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi za Ulaya) ya siku 5 ndani ya mwezi mmoja, daraja la pili, bei ya vijana, ilinitoka kama euro 240. Gawa kwa 5, ni euro 48 kwa kila siku ya treni. Na kabla hata sijaondoka Dar nilikuwa nimeshaona kwamba tiketi ya Berlin hadi Praha, kwa anayeinunua mapema, inapatikana chini ya euro 30. Kaka yangu, mhasibu asiyesamehe hata shilingi, aliniangalia akasema, "Mdogo wangu, umepigwa." Kwa hesabu peke yake, hakukosea sana.

Eurail ni ya sisi tunaoishi nje ya Ulaya. Anayeishi huko, hata awe Mtanzania mwenzetu, anatumia Interrail. Zote zinafika nchi 33, na bei ya vijana inakoma miaka 27. Mimi nina 27. Nikaona ni mwaka huu au basi.

Viza sitaisimulia kwa kirefu kwa sababu ilinichosha kuliko safari yenyewe. Maombi unayapeleka kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, kwangu Ujerumani. Ada ni euro 90, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Ushauri wangu ni mmoja tu: chagua hosteli ambazo unaweza kuzifuta bila kukatwa hela, na pasi ya treni usiinunue mpaka viza iwe mkononi.

Sasa jinsi pasi inavyofanya kazi, maana hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Siku moja ya safari inaanza saa 6 usiku na kuisha saa 6 usiku unaofuata. Ndani ya hiyo siku panda treni moja au nane, ni juu yako. Unaingia kwenye programu yao ya simu, unatafuta treni, unaiingiza kwenye pasi, ndipo unatoka msimbo wa kumwonyesha mkaguzi. Unatakiwa uwe umefanya hivyo kabla hujapanda. Mimi Praha nilikuwa nimesimama jukwaani, treni inaingia, betri imebaki asilimia 6, na safari sijaiingiza. Nikaiingiza vidole vinatetemeka, mguu mmoja uko mlangoni. Kosa lilikuwa langu, nililala na simu bila kuichaji. Tangu siku hiyo betri ya akiba nilikuwa naivaa kama hirizi. Na jambo jingine dogo: ratiba zao ni za saa 24 na kichwa changu kinasoma saa za Kiswahili, kwa hiyo kila nikiona 14:20 ilibidi nihesabu mara mbili kabla ya kuamini kwamba ni saa nane na dakika ishirini.

Pasi haigusi metro, tramu wala mabasi ya mjini. Hayo unalipia mwenyewe kila mji, na yanajumlika.

Berlin nililala usiku 5 na ningeongeza. Hosteli yangu ilikuwa chumba cha wanawake 8, vitanda vya dabo deka, euro 28 kwa usiku siku za kazi, na wikendi bei ikapanda bila aibu. Kuhusu kulala na watu usiowajua, mama aliniuliza kwa wasiwasi kweli kweli. Nikamkumbusha kwamba tulishapanda TAZARA daraja la pili, sita chumba kimoja, hatumjui mtu, na tukafika Mbeya tukiwa tumebadilishana ndizi na namba za simu. Tofauti ni kwamba TAZARA wanawake wana vyumba vyao na wanaume vyao. Hosteli za Ulaya chumba cha kawaida ni cha mchanganyiko. Cha wanawake unakichagua, mara nyingi kwa kuongeza hela kidogo, na vinawahi kujaa. Mimi niliongeza kila nilipoweza, na siijutii senti hata moja.

Mimi ni mtu wa Lindi. Tangu mdogo nasikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa aliyechukuliwa na Wajerumani, basi siku ya pili tu nilikwenda kumtazama. Kutoka stesheni kuu ni mwendo wa miguu kama robo saa kwa barabara ya Invalidenstraße. Unaingia ukumbi wa makumbusho ya viumbe na huyo hapo, urefu mita 13.27, kichwa kiko karibu na paa. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na wazee wetu ndio walioibeba mabegani na vichwani siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Nilisimama pale muda mrefu. Watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele kwa Kijerumani, na mimi nawaza mabega ya watu ambao majina yao hayako ukutani.

Nikatoka, nikapanda treni ya chini ya ardhi, laini ya U6, palepale karibu. Laini hiyo hiyo, bila kubadilisha treni, inakufikisha eneo la Wedding, kwenye mtaa wanaouita wa Kiafrika. Kuna Sansibarstraße, na tangu 2024 kuna Maji-Maji-Allee. Zamani ile ilikuwa sehemu ya Petersallee, barabara iliyohusishwa na jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule ambaye huku kwetu anajulikana kwa ukatili. Nilipiga picha ya kibao nikamtumia babu. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Wamechelewa." Ukiwa eneo hilo, maduka ya vyakula vya Kiafrika yapo. Nilipata unga wa mahindi, nikaubeba kwenye begi la mgongoni mpaka Italia.

Na hapo niseme kuhusu jiko, maana kwangu hosteli ni jiko. Wengi wanachagua hosteli kwa kuangalia baa na tafrija za usiku. Mimi naangalia mambo matatu: jiko lenye sufuria zinazoeleweka, pazia kwenye kitanda, na umbali kutoka stesheni. Karibu kila jiko lina rafu ya vitu walivyoacha wageni walioondoka: chumvi, tambi nusu pakiti, mafuta, majani ya chai. Vienna nilipika ugali na mchicha wa dukani (ni spinachi, tusidanganyane) na msichana mmoja Mkorea aliyekuwa anakula biskuti kwa siku ya tatu mfululizo akakaa nami. Alijaribu kukata tonge kwa uma. Nikamwonyesha mkono. Kesho yake yeye akapika, nami nikalia kwa pilipili.

Khanga mbili nilizobeba zilifanya kazi kuliko kitu kingine chochote. Taulo, maana hosteli nyingi zinakodisha taulo. Pazia, pale kitanda kisipokuwa nalo: unaifunga kwenye ubao wa kitanda cha juu. Shuka ya ziada, mtandio, mswala. Kandambili usisahau, na kufuli lako mwenyewe pia, kwa sababu kabati wanakupa lakini kufuli wanakuuzia.

Na kwa dada na kaka zangu tuliozoea maji: vyooni hakuna. Beba chupa ndogo na usione haya. Nilipofika Italia nikakuta bidè (beseni la kujisafishia kwa maji) bafuni nikaona nimefika kwa watu wetu.

Turudi kwenye treni. Siku ya kwanza ya pasi nilitoka Berlin asubuhi, nikashuka Dresden bila mpango wowote, nikaacha begi kwenye kabati la stesheni, nikatembea mpaka mto Elbe, mchana nikapanda treni nyingine kuelekea Praha. Hapa ndipo pasi inapojilipa. Tiketi ya bei rahisi inakufunga kwenye treni moja tu, ukishuka umekwisha. Baada ya Dresden kaa upande wa kushoto: reli inafuata mto ukingoni kabisa, na ng'ambo yake kuna majabali ya mawe ya mchanga yaliyosimama kama minara, mpaka unavuka kuingia Cheki. Praha yenyewe ni nzuri na imejaa watu kama Kariakoo siku ya kuamkia Idi, nami nikaizunguka alfajiri tu.

Praha hadi Vienna ni kama saa 4, hakuna la kusimulia ila kwamba nililala. Vienna jaza chupa yako bombani, maji yanatoka chemchemi za milimani na hayana mfano. Siku ya Vienna hadi Venice ndiyo niliyoipenda zaidi. Treni inapanda mlima Semmering, reli ya 1854, kona juu ya kona na madaraja ya mawe ya ghorofa mbili. Nilisahau kula.

Venice usilale kisiwani kama mfuko wako ni kama wangu. Lala Mestre, bara. Treni ya dakika 10 inakuvusha daraja refu juu ya maji, na hosteli ni karibu nusu ya bei.

Ubaya wa pasi unaanza Italia. Treni za kasi zinataka ulipie kiti juu ya pasi, kati ya euro 10 na 15. Ufaransa nako kwenye TGV, treni zao za kasi, ni hivyo hivyo, na viti vya wenye pasi vina idadi yake, ndiyo maana Ufaransa niliiruka kabisa. Italia nilikwepa kwa kupanda treni za kanda, zile za wafanyakazi na wanafunzi, ambazo mwenye pasi haongezi kitu. Venice hadi Verona, nikashuka kula na kutembea, kisha Verona hadi Milano. Ni polepole, unasimama kila kijiji. Lakini mimi nilikuwa nakimbilia wapi?

Treni moja katika safari hii, sitaitaja, ilichelewa zaidi ya saa nzima na nikakosa niliyotakiwa kuunganisha. Jirani yangu mwenye tiketi ya ofa alipanga foleni ya dirishani akiwa amekunja uso. Mimi nikafungua simu, nikachagua treni iliyofuata, nikaenda kununua chai. Kaka mhasibu hilo hakuliweka kwenye hesabu yake.

Pasipoti iwe karibu. Watu wanasema ukiingia Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mipaka imekwisha, lakini maofisa walipita mara mbili kwenye behewa, na mara zote mbili waliniomba mimi hati kabla ya wenzangu waliokaa karibu. Niliwapa, wakarudisha, wakashukuru. Nililiona, na wewe kama una rangi yangu utaliona. Mkaguzi wa tiketi naye ana haki ya kuomba pasipoti, maana pasi ni ya jina lako tu.

Siku ya mwisho, Milano hadi Zürich. Treni ya moja kwa moja inapita handaki la Gotthard, kilomita 57 za giza. Nikaona haiwezekani niende mpaka milima ya Alps halafu nipite chini yake. Nikabadilisha treni njiani na kushika reli ya zamani inayopanda juu kwa kujizungusha ndani ya mlima. Kuna kanisa dogo jeupe kijijini Wassen unaloliona mara tatu: ukitoka Italia, kwanza liko chini yako, kisha mko sawa, kisha liko juu. Mzee mmoja Mswisi alinigusa bega kila mara lilipotokea, kana kwamba amelijenga yeye. Uswisi pia ndipo pasi ilipoonyesha thamani yake, kwani tiketi zao za bei ya kawaida zinauma, na treni za kawaida za ndani hazihitaji kulipia kiti. Kitanda cha hosteli Zürich kilinitoka euro 55, ghali kuliko vyote, na kifungua kinywa kilikuwa mkate na jibini. Nikala ugali wa mwisho.

Je, pasi niipe ngapi? Kwa anayejua tarehe zake zote miezi miwili kabla, nyota 2 kati ya 5, anunue tiketi moja moja, nakadiria mimi mwenyewe ningeokoa euro 40 au 50. Kwa mtu anayeshuka stesheni kwa sababu tu ameona mto, nyota 4. Ile ya tano nimeinyima kwa ajili ya malipo ya viti. Hosteli kwa ujumla nyota 4, ukiondoa ile moja ya Milano yenye choo kimoja kwa watu 12.

Mwakani nafikisha 28 na bei ya vijana itakuwa imenipita. Ninaiwazia Ureno na Hispania, lakini Hispania nayo treni zake za kasi zinataka kiti kilipiwe, kwa hiyo safari hiyo nitanunua tiketi moja moja, kaka afurahi. Unga uliobaki niliuacha kwenye rafu ya hosteli Zürich, nimeandika juu ya mfuko kwa kalamu: chemsha maji kwanza.