Tulilipia programu ya ufahamu wa Kiingereza kwa watoto wanaozungumza Kihispania: uzoefu wangu

Naishi Houston, upande wa kusini-magharibi, kwenye yale maghorofa ya Gulfton ambako kwenye korido moja unasikia Kihispania, Kiswahili cha Kongo na Kiarabu kabla hujafika mlangoni kwako. Jirani yangu anatoka Honduras. Yeye ananiangalizia mtoto nikiwa zamu ya usiku, mimi nawasaidia wanawe wawili Kiingereza cha kusoma. Hakuna anayemlipa mwenzake. Msichana yuko darasa la nane, mdogo wake wa kiume yuko la tano, na wote wawili wananiita "profe" ingawa ualimu sijasomea.

Kiingereza cha kuongea wanacho. Wanagombana kwa Kiingereza, wanatania kwa Kiingereza. Kinachowashinda ni ufahamu: kifungu cha habari, halafu maswali. Na hapa Texas huwezi kuukwepa, kwa sababu mtihani wa jimbo wa STAAR unapima kusoma kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Wanaojifunza Kiingereza wana pia TELPAS, mtihani wa kupima Kiingereza chenyewe, juu yake. STAAR ya Kihispania ipo, lakini inaishia darasa la tano. Yaani mdogo yuko ukingoni, na dada yake alishavuka zamani.

Mama yao aliona tangazo la programu ya simu iliyosema imetengenezwa mahsusi kwa wanafunzi wanaozungumza Kihispania. Akaweka kadi ya benki, karibu dola 10 kwa mwezi. Jina sitalitaja. Ziko nyingi za aina hiyo na zinafanana, kwa hiyo nitakayoyasema yatakusaidia kuipima yoyote utakayokutana nayo.

Nianze na mazuri. Vifungu ni vifupi, mtoto anamaliza kimoja kabla hajaanza kuangalia dari. Kuna kusomewa kwa sauti huku neno linalosomwa likiwaka rangi, na hilo kwa watoto hawa ni msaada mkubwa. Kihispania, kama Kiswahili, unakisoma kama kilivyoandikwa. Mtoto aliyezoea hivyo akikutana na "though", "through" na "tough" zimepangwa mstari mmoja anaona kama amechezewa shere. Kusikia na kuona kwa pamoja kunapunguza vita hiyo. Sauti ni ya mashine, haina uhai, lakini inatamka sawasawa.

Shida yangu kubwa ni jinsi programu inavyopanga ngazi.

Kijana, yule wa darasa la tano, alipewa kifungu kilichoandikwa ni cha darasa la pili. Kinahusu watu waliokuwa wakipanda mlima, na ndani yake kuna sentensi hii: "They ran out of water before noon." Swali: kwa nini walirudi? Akachagua jibu la kwamba waliogopa maji. Nikamwuliza, maji gani? Akaweka kidole kwenye sentensi. "Hapa, profe. Walikimbia wakatoka majini, kabla ya saa sita mchana." Na ukimsikiliza, ana mantiki. "Ran" anaijua, "out" anaijua, "water" ndiyo kabisa. Neno moja moja hakuna linalomshinda. Kuishiwa maji hakumo katika neno lolote kati ya hayo, kumo katika mkusanyiko wake.

Siku hiyohiyo, kwa kuwa niko na ukaidi wangu, nikamfungulia kifungu cha ngazi za juu kabisa kuhusu volkano. Mle ndani kuna sentensi: "The volcanic eruption caused an immediate evacuation." Aliisoma bila kukwama, akaniambia maana yake, akajibu maswali karibu yote. Kwa nini asijibu? Kwao wanasema "la erupción volcánica causó una evacuación inmediata". Ni sentensi ileile imebadilishiwa shati.

Sasa angalia hesabu. Kipimo kimoja maarufu cha ugumu wa maandishi ni kanuni ya Flesch-Kincaid, iliyotengenezwa mwaka 1975 kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani. Inatazama vitu viwili tu: sentensi ina maneno mangapi, na neno lina silabi ngapi. Sentensi zetu mbili zina maneno 7 kila moja. Ya maji ina silabi 9, na ukiipigia hesabu inatoka darasa la pili. Ya volkano ina silabi 18, inatoka juu ya darasa la 17, yaani mtu amemaliza chuo kikuu. Kanuni hiyo haikukusudiwa kupima sentensi moja moja, najua, lakini unaona inakoelekea. Kwa mtoto wa Honduras mambo ni kinyume kabisa: ya "darasa la pili" ndiyo inayomwangusha, na ya "chuo kikuu" anaipita akitafuna ubani.

Sababu yake ni ya kihistoria. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 waliingia na Kifaransa chao, na Kilatini cha kanisa na cha wasomi kikaendelea kuongezea juu yake. Ndiyo maana maneno mengi marefu ya Kiingereza yana ndugu katika Kihispania. Yale mafupi ya nyumbani, "get", "put", "run", "set", yanatoka ukoo wa Kijerumani, na ukiyaunganisha na "up", "off", "out" au "through" yanazaa maana ambazo hazina jamaa Tegucigalpa, mji mkuu wa Honduras, wala Madrid. (Mtoto anayekuja moja kwa moja kutoka shule ya msingi ya Kiswahili hana hata huo msaada wa maneno marefu. Ukiwa na mpwa au mdogo wako aliyefika majuzi, usitegemee njia hii ya volkano.)

Programu ingeweza kulijua hili, maana imejitangaza kwa wanaozungumza Kihispania. Haijui. Mbaya zaidi, inajirekebisha yenyewe: ukikosa, inakushusha ngazi. Ngazi ya chini ina hadithi za maneno mafupi, mazungumzo ya nyumbani, watoto uwanjani. Yaani inampa mtoto zaidi ya kilekile kilichomwangusha, anakosa tena, inamshusha tena. Kijana alikuwa anashuka tu kila wiki huku shuleni kwenye sayansi anafanya vizuri, na mama yake anapata ujumbe kwenye simu kwamba mwanawe "anahitaji kuimarika". Mama alianza kumgombeza. Hapo ndipo nilipoingilia.

Kitufe cha tafsiri nacho. Ukigusa neno, linatokea la Kihispania. Neno moja. Gusa "ran" upate kukimbia, gusa "out" upate nje. Basi mtoto anathibitishiwa kosa lake rasmi. Na Kihispania chenyewe ni cha Uhispania: "zumo", "ordenador", "coche". Nyumbani kwao ni "jugo", "computadora", "carro". Dada mtu alicheka sana alipoiona "zumo", akasema programu inaongea kama padri wa kwenye televisheni.

Dada huyo matatizo yake ni mengine, na ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Yeye hashindwi na habari. Anashindwa na vineno vinavyogeuza sentensi. "He hardly worked" kwake ilikuwa mtu aliyefanya kazi kwa bidii, kumbe ni mtu ambaye kazi hakuigusa sana. "Eventually they arrived" aliisoma kama huenda walifika, kwa sababu "eventualmente" ya kwao ndiyo maana yake, wakati Kiingereza kinasema hatimaye walifika. Neno moja la namna hiyo likipinduka, maswali matatu yanayofuata yanakwenda nalo. Programu ilimwonyesha alama nyekundu na jibu sahihi, basi. Kwa nini amekosa, haisemi.

Tena kuna "it" na "they". Katika Kihispania mtenda mara nyingi amejificha ndani ya kitenzi. "Como" peke yake ni "ninakula", kama sisi tunavyosema bila kuhitaji neno "mimi". Kiingereza kinamtaka mtenda asimame mbele kila mara, kwa hiyo kifungu kinajaa hivi viwakilishi, na msomaji lazima ajue kila kimoja kinamrudia nani. Maswali ya mtihani yanapenda sana kujificha hapo. Katika miezi yote ya kulipia sikuona zoezi hata moja la jambo hili. Maswali mengi yalikuwa ya "wazo kuu ni lipi", na mtoto mjanja analipata wazo kuu kwa kusoma kichwa cha habari.

Tulipohamia kwingine, tulikwenda kwenye vya bure.

ReadWorks ni shirika lisilo la faida, lina vifungu kuanzia chekechea hadi darasa la 12, pamoja na maswali, na vingi vina sauti ya binadamu. Baadhi vina toleo lililorahisishwa la kifungu kilekile, kwa hiyo kaka na dada wanaweza kusoma habari moja na bado wakabishana mezani. Ninachokipenda zaidi ni kwamba nachagua mwenyewe kwa mada, siburuzwi na ngazi. Kijana anaanza na volkano, matetemeko, moyo na mapafu, mahali ambapo Kihispania chake kinamfaa, na akishashiba ushindi namwingiza kwenye hadithi.

CommonLit nayo ni shirika lisilo la faida, ilianza mwaka 2014, inahudumia darasa la 3 hadi la 12. Huko ndiko anakokaa dada mtu. Ina namna ya kusoma kwa kuongozwa, ambapo kifungu kinafunguka kipande kwa kipande na swali linakuja palepale kabla hujaendelea. Kwa mtu anayepotezwa na "hardly" mwanzoni na kugundua mwishoni, hiyo ni dawa. Vyote viwili vinakutaka ufungue akaunti ya mwalimu ili kuwagawia watoto kazi.

Halafu mitihani yenyewe ya STAAR iliyopita. Idara ya Elimu ya Texas inaiweka wazi bila malipo, pamoja na majibu na maelezo ya kwa nini kila chaguo ni sahihi au si sahihi. Nashangaa watu wanaotoa dola 10 wakati hiki kipo. Ila chukua ya kuanzia mwaka 2023, kwa sababu mtihani ulibadilishwa mwaka huo: maswali ya kuchagua hayaruhusiwi kuzidi asilimia 75, na mwanafunzi anaandika majibu yake mwenyewe baada ya kusoma. Programu yetu ilikuwa bado ni A, B, C, D mwanzo mwisho.

Tunavyofanya sasa: nachapa kifungu maktaba, tunakaa mezani na penseli. Kila "it", "they" na "this" inazungushiwa duara na kuchorewa mshale kurudi kwa mwenyewe. Kila kitenzi chenye mkia, kama "ran out of" au "put off", kinapigiwa mstari mmoja mrefu chini yake chote, kisikatwe. Maneno yanayofanana na ya Kihispania wanayawekea nyota, na wakati mwingine nyota ina alama ya kuuliza, maana wameshajua kwamba "library" si "librería", ni mahali pa kuazima vitabu, si duka. Dakika 20 hazipiti bila mtu kutaka kwenda chooni, lakini zinatosha.

Mama yao naye alianza kusoma, kwa habari za VOA za wanaojifunza Kiingereza, zile zilizoanza mwaka 1959 kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na sauti ya polepole. Zilimfaa yeye. Watoto sikuwapa, kwa sababu lugha yake imerahisishwa, na hao watoto mtihani hautawarahisishia.

Kusitisha malipo kulitusumbua. Kuingia ilikuwa kwa Kihispania, kutoka ni kwa Kiingereza tu, ukurasa mrefu, na kitufe hakimo kwenye simu mpaka ufungue tovuti kwenye kompyuta. Tarehe ya kukatwa inayofuata imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Mama alikatwa mwezi mmoja wa ziada na hakurudishiwa.

Nani namshauri ainunue? Mtoto mdogo anayejua kusoma Kihispania na ndiyo kwanza anaanza Kiingereza, kwa ajili ya ile sauti inayoenda na maneno, mwezi mmoja au miwili. Kwa mtoto wa darasa la tano kwenda juu, aliyezoea Kiingereza cha uwanjani na mtihani uko mbele yake, hapana. Na ukiamua kujaribu, zima ule mpangilio wa ngazi wa kujirekebisha kama unaruhusu, na siku ya kwanza kabisa mpe kifungu kimoja cha sayansi cha juu na hadithi moja fupi ya chini. Linganisha alama mwenyewe kabla hujaingiza namba ya kadi.