Mpini wa raba ulioanza kunata: uzoefu wangu na Smith & Wesson Model 10

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Raba ya bastola ikinata kwa sababu imeoza yenyewe, haina dawa. Utaiosha, utaipaka poda, itatulia kidogo, kisha itarudi palepale. Ikinata kwa sababu ya mafuta na uchafu ulioganda juu yake, inapona, na gharama yake ni sabuni ya vyombo tu. Kazi yote ni kujua una ipi kati ya hizo mbili kabla hujatoa hela.

Bastola yenyewe ni Smith & Wesson Model 10, ile ya silinda yenye vyumba sita, risasi za .38 Special, mtutu wa inchi nne. Naibeba kwenye kazi ya ulinzi hapa Houston. Ilianza kuuzwa mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, ikapewa namba 10 mwaka 1957, na kwa miongo mingi ndiyo iliyoning'inia kiunoni mwa polisi wa Marekani. Vijana ninaofanya nao zamu wana bastola za magazini zenye fremu ya plastiki, na wananitania kwamba nimerithi silaha ya babu. Wacheke tu. Niliinunua kwa mlinzi mmoja mstaafu: chuma safi, silinda inafunga kisawasawa, triga laini. Kasoro ilikuwa mpini. Alikuwa ameufunga raba miaka mingi nyuma, na raba hiyo ilikuwa imeshalainika. Mtengenezaji wake simtaji, kwa kuwa umri na namna kitu kilivyotunzwa vina uzito kuliko jina lililochapwa juu yake.

Asiyewahi kushika mpini wa namna hiyo ataona ni jambo dogo. Unanata kama ulimbo. Shati linaugandia, nyuzi za kitambaa na vumbi vinabaki humo, na kiganja kinatoka na weusi usioondoka kwa maji matupu. Hayo ni kero tu. Ubaya wenyewe unaonekana unapochomoa bastola kwenye ala. Kwa kawaida mkono ukishika vibaya kidogo, unateleza na kukaa sawa wakati bastola inapanda. Raba inayonata hairuhusu hilo. Ulivyoshika mara ya kwanza ndivyo utakavyolenga.

Chanzo chake si kimoja. Raba hizi laini huchanganywa na vilainishi kiwandani. Joto la miaka, jasho la mkono, mafuta ya bunduki na dawa ya kuyeyushia masizi ya baruti huingia ndani yake, raba ikavimba, ikalegea, na vilainishi vikaanza kutoka juu. Kuna nyingine, hasa zile za kupakwa juu ya plastiki ili zihisi kama ngozi laini, ambazo huvunjwa na unyevu wa hewa peke yake. Ndiyo maana tochi au darubini iliyofungiwa kabatini Mombasa au Tanga, bila kuguswa na mtu, unaweza kuitoa ukakuta inanata. Houston nayo ina joto na unyevu wa kutosha, na ukiongeza bastola iliyoachwa kwenye gari lililofungwa mchana wa Agosti, unaharakisha tu.

Kabla ya lolote: fungua silinda, toa risasi, hakikisha vyumba vyote sita vi vitupu, na risasi zipeleke chumba kingine kabisa. Hata kama unakwenda kugusa mpini tu.

Mpini wangu wa zamani ulikuwa wa vipande viwili vilivyoshikwa na skrubu moja inayopita katikati. Nimeona watu wakiuchokonoa ukingoni kwa bisibisi na kuacha mikwaruzo kwenye chuma kwa maisha yote. Njia ya mafundi ni rahisi: legeza skrubu mizunguko kadhaa bila kuitoa, kisha gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi. Skrubu itasukuma kipande cha upande wa pili kitoke chenyewe. Ukitoa kimoja, cha pili unakisukuma kwa kidole kutoka ndani. Na ncha ya bisibisi iwe imejaa mfereji wa skrubu. Ikicheza tu, skrubu inaliwa.

Chini ya raba nilikuta kutu nyepesi, kahawia, mahali ambapo jasho lilikuwa limefungiwa bila hewa. Kitambaa chenye mafuta kiliitoa nikisugua polepole. Ingekaa hivyo miaka mingine ingeanza kula chuma, kwa hiyo hata mwenye mpini usionata ningemshauri aufungue mara mojamoja atazame.

Kisha kuosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu, sugua kwenye vijistari vyote, suuza, kausha. Ikibaki kunata, kitambaa chenye spiriti, ile alkoholi ya isopropili ya asilimia 91 inayouzwa kwenye maduka ya dawa huku. Kitambaa changu kilitoka cheusi tii, nikabadilisha kingine, nacho kikatoka cheusi. Baada ya hapo raba ilikauka, nikaipaka poda ya mtoto, na usiku ule ungeapa imepona. Zilipokuja siku za joto, ikarudia tabia yake.

Jaribio ambalo naliamini ni hili: baada ya kuosha na kukausha, iache ilale mpaka kesho, kisha bonyeza ukucha upande wa ndani, ule unaogusana na fremu, mahali ambapo kiganja hakijawahi kufika. Kama ndani ni pakavu na ukucha hauachi alama, ulikuwa uchafu, na umeshamaliza kazi. Kama hata ndani panavuta kidole na alama ya ukucha inabaki, raba yenyewe imekwisha. Yangu ilikuwa hiyo ya pili.

Asetoni usiiguse, hata ile ya kutolea rangi ya kucha. Inaweza kuyeyusha raba au plastiki ikawa uji. Petroli vilevile. Na kuna wanaopulizia dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi ya gari. Itaacha kunata, ndiyo, lakini sasa utakuwa umeshika sabuni, na bastola inayoteleza ni mbaya kuliko inayonata.

Basi nikaenda kununua, na hapa ndipo penye mtego. Smith & Wesson hutaja ukubwa wa fremu zake kwa herufi: J ni ndogo, K ya kati, L inafuata, N kubwa. Model 10 ni K, na mipini ya K na L inaingiliana. Lakini hiyo haitoshi. Fremu za K za zamani zina kitako cha mraba au cha mviringo, na mpini wa kimoja haukai kwenye kingine. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kampuni ikaelekea kwenye mviringo, ila bastola kama yangu zimejaa sokoni. Ukiwa na shaka ya toleo lako, fungua silinda utazame kwenye fremu, pale mkono wa silinda unapojifunga. Kwa zile za baada ya 1957 utaona herufi MOD na namba. Umbo la kitako lenyewe unaliona kwa macho ukishavua mpini. Duka moja la mtandaoni lilinitumia wa mviringo ilhali nilikuwa nimeandika mraba, na kuurudisha kulichukua muda kuliko kazi yote ya kuosha.

Wa kwanza niliofunga ni Hogue Monogrip wa raba. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1968 na Guy Hogue, polisi wa Los Angeles aliyekuwa akiwatengenezea wenzake mipini, na inaonekana kazi yao imetoka kwa mtu aliyewahi kushika bastola. Ni kipande kimoja, hakina mshono. Unafunga kibano kidogo kwenye pini iliyo chini ya fremu, unapandisha mpini kutoka chini, unakaza skrubu moja kitakoni, basi. Bei haikufika dola 40. Una vijiraba vilivyochomoza vinavyoshika mkono bila kuuchubua, na vidole vina mabonde yake. Kwa mazoezi marefu sijapata mfano wake; na mwenye Model 19, nayo ya fremu ya K, anayepiga .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, asihangaike na kitu kingine. Mabonde ya vidole ni suala la mkono wa mtu. Mimi yananifaa, mke wangu vidole vyake vinaangukia kwenye vilima badala ya mabonde, na hakuupenda.

Kwa kubeba kazini, hata hivyo, nilitaka kitu ambacho shati litateleza juu yake, na raba yoyote, mpya au kuukuu, hushika kitambaa. Kwenye maonyesho ya bunduki nikapata vibao vya mbao ya walnati, mtindo uitwao Magna, vyembamba, aina ile ile waliyokuwa wakifunga kiwandani zamani. Kabla ya kununua, geuza kibao cha kulia utazame ndani. Vya zamani mara nyingi vina namba ya bastola vilikotoka, na mwenye kukusanya vitu vya kale anaweza kukulipa zaidi kwa hivyo kuliko faida utakayopata wewe kuvitumia.

Vibao hivi vikiwa peke yake vina ila: nyuma ya kikinga triga panabaki pengo, na kidole cha kati kinagongwa pale kila risasi. Dawa yake ni Tyler T-Grip, kipande cha chuma kinachojaza pengo hilo na kukaa chini ya vibao hivyo hivyo. Kwa mkono wangu ndio ulinganifu bora niliowahi kuupata kwenye bastola hii. Risasi za .38 Special kwenye fremu ya chuma hazipigi sana kiasi cha kuhitaji mto wa raba, na wembamba wa vibao unaacha nafasi ya kujaza risasi zote sita kwa mkupuo kwa kile kifaa cha duara. Hilo la mwisho lipime dukani kabla hujalipa: mipini mingi minene ya mbao, upande wa kushoto, huzuia kifaa hicho na hata maganda yanapotoka.

Nimeuweka Monogrip kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na bisibisi yake, mbali na chupa za mafuta na dawa za kusafishia. Nikienda mazoezini naufunga huo, kazi isiyofika hata dakika tano. Vile vipande vya zamani vimekwenda jalalani, na wala sikumpa mtu.