Draiva ya Kichwa Kidogo Niliyoagiza Nikiwa Tabora: Uzoefu Wangu na Duka Lililoniuzia

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kiangazi kilipoanza niliagiza kutoka Dar es Salaam draiva ya mtumba, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, yenye kichwa kidogo cha titani, metali nyepesi na imara, cha miaka ya 1990. Duka lililoniuzia lilinihakikishia kwamba wameifunga mpini mpya wa grafaiti, yaani wa nyuzi za kaboni, na kwamba iko tayari kwa kazi. Ililetwa Tabora kwa basi, imefungwa vizuri ndani ya boksi refu, na kwa majuma machache nilikuwa na furaha nayo ambayo sijawahi kuwa nayo kwa fimbo yoyote. Hata hivyo, mtu akiniuliza leo kama naye aagize draiva ya aina hiyo, jibu linalonijia kwanza ni kwamba asithubutu.

Kilichotokea ni hiki. Asubuhi moja, katika uwanja wa wazi tunaoutumia kwa mazoezi pembeni mwa mji, kichwa kilichomoka. Hakikupasuka, wala mpini haukuvunjika. Kiliachana tu na mpini pale shingoni, katikati ya pigo, kama vile hakikuwahi kuunganishwa nao. Mikono yangu ilihisi wepesi wa ghafla, mpira ukajiviringisha hatua chache mbele ya tii, kile kijiti kinachoubeba kabla ya pigo, na kichwa kikaruka upande wa kulia, kikampita karibu kijana anayetuokotea mipira na kugonga shina la mwembe nyuma yake. Kichwa cha draiva kina uzito wa gramu 200 hivi, na katika pigo la mchezaji wa kawaida huenda kwa kasi inayokaribia kilometa 150 kwa saa. Kijana yule alikaa chini, akashika magoti yake, na kwa muda mrefu hakusema neno. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo anaposoma jinsi nilivyojibiwa.

Nilipiga simu dukani siku hiyohiyo. Nilisalimia, nikajitambulisha, nikaeleza kwa utaratibu kwamba kichwa kimechomoka na nusura kimuumize mtoto wa watu. Salamu yangu haikuitikiwa. Kijana aliyepokea simu alisema, “Mzee, kwani huko Tabora mnacheza gofu au mnaangua maembe?” na nyuma yake nikasikia wenzake wakicheka. Nilinyamaza kidogo nikitumaini kwamba angejirekebisha. Badala yake aliendelea: “Hivyo vichwa vya kizamani ndivyo vilivyo, vimepitwa na wakati. Ongeza hela tukupe kikubwa cha kisasa.” Nilipoomba kuzungumza na mkubwa wake alinijibu kwamba mkubwa ni yeye, na simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa.

Nimeshauziwa vitu vibovu kabla ya hapo, kama mtu yeyote anayenunua mitumba, na ninajua kwamba kitu kilichotumika kina hatari zake. Kisichovumilika ni mtu kukuuzia kitu, kikakaribia kuua, kisha akakucheka kwa sababu ya mji unaoishi. Sisi tunaocheza gofu Tabora ni wachache, ni kweli. Tunapiga mipira yetu kwenye ardhi ngumu yenye vumbi, na mashindano tunayafuata mbali, Morogoro au kwenye uwanja wa Lugalo ulioko Dar es Salaam, kwa gharama ambayo mchezaji wa Dar es Salaam haijui. Mtu anayesafiri umbali wote huo ili kupiga mashimo 18 anastahili heshima zaidi katika duka la gofu, na kwa hakika anastahili kuitikiwa salamu.

Niliipeleka draiva kwa fundi mmoja wa hapa mjini, mzee anayetengeneza baiskeli na redio, ambaye maisha yake yote hajawahi kushika fimbo ya gofu. Nilimsalimia shikamoo, akanikaribisha kwenye benchi lake, akachukua mpini kwa mkono mmoja na kichwa kwa mkono mwingine, akavigeuza kwenye mwanga. Haikumchukua muda. “Baba, angalia mwenyewe,” akaniambia, akinionyesha ncha ya mpini, ile sehemu inayoingia ndani ya shingo ya kichwa. Rangi nyeusi ya kiwandani ilikuwa bado ipo, laini, inang'aa, haina hata mkwaruzo wa msasa. Gundi ilikuwa imebaki yote ndani ya shingo, ya manjano na yenye umbo kamili la mpini, na kwenye mpini hakukuwa na chembe. Kila anayefunga fimbo za gofu anajua kwamba rangi hiyo lazima ikwanguliwe kwanza, kwa sababu gundi ya epoksi ikishika rangi haijashika mpini. Na ikiwa mpini ni wa grafaiti, kukwangua kwenyewe kunatakiwa kufanywa kwa uangalifu ili nyuzi zake zisiharibiwe. Mafundi wa duka lile waliruka hatua hiyo. Walipaka gundi, wakasukuma, wakaifungia kwenye boksi, wakapokea fedha zangu kwa simu.

Kwa hiyo kichwa kidogo hakikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana jibu la yule kijana linanichoma zaidi kila ninapolikumbuka: alilaumu chombo kilichotengenezwa vizuri tangu kabla yeye hajajua gofu ni nini, ili kuficha uzembe uliofanyika mezani kwake. Na kama ni suala la kupitwa na wakati, basi tuzungumze. Kampuni ya Callaway ilipotoa draiva yake ya Big Bertha mwaka 1991, kichwa chake cha chuma cha pua chenye sentimita za ujazo 190 kilionekana kikubwa kupita kiasi, kwa kuwa wachezaji walikuwa wametoka kwenye vichwa vya mbao vilivyo vidogo zaidi ya hapo. Mwaka 1995 ikaja Great Big Bertha ya titani yenye ujazo wa karibu 250. Baada ya hapo vichwa viliendelea kuvimba hadi R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu, vilipoweka kikomo cha 460 mwaka 2004. Tiger Woods aliposhinda mashindano makubwa ya Masters ya mwaka 1997 kwa tofauti ya mapigo 12, draiva aliyoishika ilikuwa na kichwa ambacho kijana yule angekicheka. Titani haiozi kwa sababu kalenda imebadilika.

Rafiki yangu ana draiva mpya ya kichwa kikubwa, na huwa tunabadilishana. Sikatai kwamba yake inasamehe. Uzito wake umetawanywa mbali na kitovu cha uso, kwa hiyo ukipiga pembeni kichwa hakizunguki sana na mpira hupoteza umbali kidogo tu. Yangu haina huruma ya namna hiyo. Ukiupiga mpira kwenye ncha ya uso, kichwa kinajipinda, mpira unaanzia kulia kisha unarudi kushoto, na viganja vinapata habari kamili. Lakini ukiupata katikati, unasikia mlio mkavu, mfupi, na mpira unaondoka chini na kwenda mbali. Katika ardhi yetu ya kiangazi, iliyokauka mpaka ikapasuka, mpira wa namna hiyo ukitua unaendelea kukimbia, wakati ule wa rafiki yangu unapaa juu sana na kuyumbishwa na upepo. Mpini wangu pia ni mfupi kuliko wake kwa inchi moja na zaidi, na katika ufupi huo ninaupata mpira katikati mara nyingi kuliko ninapotumia ya kwake. Tena, kwa kuwa uso wa kichwa kidogo si mrefu kwenda juu, naweza kuweka tii fupi sana, au kuupiga mpira ukiwa chini kabisa pasipo tii, jambo ambalo kwa kichwa kikubwa ni kuhangaika bure.

Naona nimeanza kwa kusema mtu asinunue, na sasa ninasifia. Sifa hizi ni za kweli. Ninachokataa ni kuuziwa na watu wasiojua kazi yao wala adabu. Na hata nikisifia, sitamshauri mtu anayeanza gofu mwaka huu achukue draiva kama yangu, kwa sababu atakata tamaa kabla hajajua kuzungusha mwili wake. Huyo na achukue kichwa kikubwa na ajifunze kwa amani. Aliyekwisha kupata pigo linalojirudia, na ambaye anataka fimbo itakayomwambia ukweli kuhusu pigo hilo, na aitafute ya zamani kwa bidii. Aangalie pete ndogo nyeusi ya plastiki iliyopo pale mpini unapoingia kwenye shingo: ikiwa imeachana na kichwa hata kwa unene wa kucha, gundi imelegea. Ashike kichwa kwa nguvu na kujaribu kukizungusha. Amuulize muuzaji nani ameufunga mpini na ameuandaaje, na akianza kuchekwa aweke simu chini.

Yangu imeshafungwa upya. Fundi alikwangua rangi taratibu kwa msasa laini, akasafisha shingo mpaka chuma kikaonekana, akachanganya gundi ya mirija miwili na kuiacha ikauke mpaka kesho yake kabla ya kuniruhusu kuigusa. Nimeipiga tangu wakati huo bila tatizo, ingawa siiachi tena ndani ya gari lililosimama juani, kwa maana joto hulainisha epoksi, na vijana wote sasa wanasimama nyuma yangu hadi mpira uondoke. Duka nimelitumia picha za ncha ya mpini pamoja na madai ya gharama ya fundi, ambayo ni ndogo. Ujumbe umesomwa na haujajibiwa. Kijana aliyenusurika nilimpeleka mwenyewe kwa wazazi wake na kuwaeleza yote, na ninataka radhi waombwe wao kwanza kabla sijaombwa mimi.