Kijitabu cha sheria cha parajuriste wa Katuba: kwa kasho (mahabusu ya polisi) kinafaa, kwa lupango (kiwanja) bado

Franka 5.000 kwa kijitabu cha fotokopi si kidogo. Nilikinunua kwa sababu kazi ya mwandishi naijua: ni parajuriste, yaani msaidizi wa sheria wa mtaani, wa hapa Katuba, Lubumbashi, yule ambaye akina mama wa soko humwita Mwalimu ingawa hafundishi popote. Mimi naendesha teksibasi ya kutoka Kenya, komini jirani hapa Lubumbashi, kwenda mjini, kwa hiyo nilianza na kurasa za polisi.

Hapo amefanya kazi kweli. Anashika kifungu cha 18 cha Katiba ya Kongo ya 2006 na kukieleza polepole: ukikamatwa, uambiwe sababu papo hapo, tena kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuwasiliana mara moja na ndugu au avoka (wakili) wako, saa 48 zikiisha, ama uachiliwe ama upelekwe mbele ya wenye mamlaka ya kisheria. Kisha anageukia waliobaki nyumbani. Mke aulize jina la OPJ (afisa wa polisi anayepeleleza kesi), aandike saa ambayo mume aliingizwa kasho, asitoe makuta (pesa) bila risiti. Hilo la saa limenigusa. Kijana wangu wa kukusanya nauli alifungwa Ijumaa jioni, hakuna aliyeandika saa, na Jumatatu pale kituoni kila mtu alikuwa na hesabu yake ya zile 48.

Napenda pia kwamba hajikwezi. Anasema wazi parajuriste anashauri na kuelekeza, hasimami kumtetea mtu mbele ya jaji. Defanseri, mtetezi aliye ngazi ya chini ya avoka, anasimama mahakama ya amani na mahakama kuu ya wilaya, lakini kwenye mahakama ya rufaa hafiki. Huko ni avoka. Wangapi hapa kwetu wamelipa bei ya avoka wakapewa defanseri!

Lakini lupango! Nusu ukurasa tu, katika mji ambao lupango moja linauzwa kwa watu watatu. Anasema vizuri kwamba kwa sheria ya 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na kwamba karatasi inayokupa haki ni cheti cha usajili, wala si barua ya mauzo yenye muhuri wa sefu wa kartye (mkuu wa mtaa). Basi. Hasemi kwamba cheti kikitimiza miaka 2 tangu kiandikishwe, kwa kawaida hakipingwi tena, na aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia. Mjane anayengoja shemeji zake “waongee kifamilia” angehitaji kusoma hilo kabla ya mengine yote. Nilimwuliza mwandishi mwenyewe, akacheka: “Papa, ningeandika lupango lote, ungelipa 20.000.” Ningelipa.

Ndoa na mirathi nimezipitia haraka, sioni ubaya. Kiswahili ni chetu, hakuna pahali nimekwama. Kinauzwa kwenye meza za fotokopi. Ombeni kilichoshonwa kwa uzi, maana changu cha pini kimeanza kumwaga kurasa.