Vichezeo vya ndani bila skrini: nunua kinachonyamaza

Tangu masika yaanze, malalamiko ninayopokea kwa wasomaji ni ya aina moja. Mama kanunua zile kompyuta za plastiki za watoto, zenye vitufe vya picha, ili mwanawe aachane na simu. Simu kaiacha kweli, lakini kuongea haongei. Anabonyeza tu kutwa nzima.

Rangi, ugumu wa plastiki, umri ulioandikwa kwenye boksi, hayo muuzaji yeyote atakueleza. Mimi nauliza jambo moja kabla ya yote: hiki kichezeo kinaongea? Kama kinaongea, kwangu kinakwenda mkiani, bei yake iwe iwavyo.

Kaa sakafuni pembeni ya mtoto mwenye kompyuta hiyo utaona ninachosema. Anabonyeza ng'ombe. Kifaa kinamtaja ng'ombe kwa Kiingereza, kinalia, kinaanza kuimba. Mama akifungua mdomo aseme "huyu ndiye anayetupa maziwa", mtoto keshahamia kwa bata. Mwaka 2016 Anna Sosa wa Northern Arizona University, Marekani, alichapisha utafiti uliorekodi wazazi 26 wakicheza na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Kichezeo kilipokuwa cha betri, wazazi walisema maneno machache kuliko walipotumia vitabu au vichezeo vya kawaida, na watoto wenyewe walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na vitabu. Mashine ikishika zamu ya kusema, wawili wanaotakiwa kusemezana wananyamaza.

Namba moja kwangu ni LEGO Duplo, yale matofali makubwa ya plastiki ya kuunganisha, na sifichi kwamba naipenda. Tofali la Duplo ni mara mbili ya tofali la kawaida la LEGO kwa urefu, upana na kimo, kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu analishika vizuri wala halimezeki. Akikua, yale madogo yanabana juu ya haya haya makubwa, hivyo hununui upya. Muhimu zaidi, halisemi kitu, na wewe unalazimika kusema. Weka kapu la matofali kona moja ya sebule na mnara kona nyingine. "Niletee tofali jekundu." Anachuchumaa, anachagua, anatembea nalo, ananyanyuka kwa vidole vya miguu aliweke juu. Kesho mnajenga nyumba, unamwambia "nyumba nyekundu", kisha "kiti chekundu". Jekundu, nyekundu, chekundu: huo upatanisho mtoto wa Kiswahili anaupata kwa kusemeshwa hivyo, na sijaona kifaa cha betri kinachompa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku. Mvua ikishika siku nzima na nyumba ni chumba na sebule, dakika hizo zitatoka kwenye michezo ya namna hii.

Namba mbili, vitabu vya picha vya kurasa ngumu. Tafuta vya Kiswahili kwanza. Ukikosa, chukua chenye picha nyingi na maneno machache, kisha simulia mwenyewe.

Namba tatu, mpira laini wa kitambaa. Hauvunji kioo, na kila anayerusha anataja jina la mnyama au tunda.

Namba nne, mikeka ya povu yenye herufi. Inafaa kubingirikia, lakini kwenye vigae inateleza mtoto akikimbia, na herufi zinachomoka zikaishia mdomoni. Halafu ina Q na X, ambazo Kiswahili hakizitumii.

Mkiani, vyote vinavyoongea. Vingine vina betri bapa za duara, na mtoto akimeza moja inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Kama kipo nyumbani tayari, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu.

Kwa mfuko mdogo: kokoto za mdako mkekani kwa aliyefika miaka minne au mitano, mpira wa soksi, na vitendawili.

Sasa wauzaji. Duplo ni ghali, nakubali, na kuisafirisha kuna gharama zake. Kinachoniudhi ni matofali bandia kuuzwa kwa bei ya halisi, boksi limezungushiwa plastiki na huruhusiwi kuligusa. Duka moja la mjini liliniuzia yenye kingo za kukwaruza, yaliyobana kiasi kwamba mtu mzima anayabandua kwa meno. Niliporudi nikaonyeshwa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hayamruhusu mtu kuuza bandia. Kwa Tanzania, bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa hiyo dai risiti yenye jina la bidhaa uliyoambiwa unanunua, uitunze. Na kabla ya kulipa, omba boksi lifunguliwe, unganisha matofali mawili, yageuze juu chini uone kama yanashikana, kisha yabandue kwa vidole viwili. Muuzaji akikataa, mwachie boksi lake.