SwissADME: chujio zuri, ila dawa ya mseto isingepita

Nimeitumia SwissADME, tovuti inayokisia dawa itasafirije mwilini, mwaka mzima sasa, tangu nianze kuchora molekuli za kupambana na malaria kwa ajili ya shahada ya uzamili. Ni ya bure, haidai nenosiri, na wameitengeneza watu wa Taasisi ya Bioinfomatiki ya Uswisi. Unabandika mstari wa SMILES, ile namna ya kuandika molekuli kwa herufi na namba, unabonyeza, unasubiri kidogo. Inakupa uzito wake, kama inapenda maji au mafuta, kama utumbo utaifyonza.

Ninachokipenda kuliko vyote ni yai. Ndiyo, yai la kuchemsha lililokatwa katikati. Molekuli yako ni kidoti. Kikikaa kwenye ute mweupe, utumbo unatarajiwa kuifyonza. Kikikaa kwenye kiini, huenda ikafika hadi ubongoni. Kidoti cha buluu maana yake kuna protini itakayoitimua nje ya seli. Nilimwonyesha mama, akaelewa kabla sijamaliza kueleza. Kisha akaniambia nijaribu mwarobaini. Nikabandika azadiraktini, kemikali ya mwarobaini: uzito 721, oksijeni 16, nje kabisa ya yai. Mama hakufurahi.

Sasa kosa langu. Kuna kanuni za Lipinski za kukisia kama molekuli inafaa kuwa dawa ya kumeza: uzito usizidi 500, molekuli isipende mafuta kupita kiasi, na kadhalika. Mimi nikazifanya sheria. Molekuli zangu 11 zilizoshindwa nikazifuta zote, roho safi.

Jioni moja dada alikuwa anamnywesha mwanawe dawa ya mseto ya malaria. Nikachukua boksi, nikatafuta SMILES za dawa mbili zilizoandikwa pale, nikazibandika. Artemeta: uzito 298, imetulia ndani ya kiini. Lakini chini kule, kwenye orodha ya Brenk, ya vipande vya molekuli vinavyotiliwa shaka, tahadhari: peroksaidi. Jamani, hilo daraja la oksijeni mbili ndilo linaloua! Likikutana na chuma kinachotokana na damu anayokula mdudu, yaani kimelea cha malaria, linavunjika na kumvuruga humohumo. Ukilitoa, dawa imekwisha.

Lumefantrini ikanimaliza nguvu. Uzito 529, inapenda mafuta kupindukia, imekiuka kanuni mbili za Lipinski. Ndipo nikakumbuka kwa nini nesi husisitiza umeze na maziwa au chakula chenye mafuta: bila hivyo mwili unaifyonza kidogo mno. Waliogundua shida hiyo hawakuitupa dawa, walibadilisha maelekezo ya kumeza.

Zile 11 nimezirudisha. Tatu zinakwenda maabara kupimwa kwa vimelea wenyewe, maana SwissADME inakisia safari ya dawa mwilini tu. Kama inaua mdudu, haijui.

Nyota nne. Ukiifungua mara ya kwanza, kabla ya molekuli zako, bandika kwanza dawa mbili tatu ulizowahi kumeza mwenyewe.