Kuwaona karibuu kwa basi la Denali: uzoefu wangu

Ndugu kadhaa walioko huku Marekani wameniuliza kama hifadhi ya Denali, Alaska, inamfaa mtu anayetaka kuwaona karibuu, wale kulungu wa nchi za baridi. Inafaa, ila msikate tiketi ya basi la watalii lenye maelezo. Kateni ya basi la kawaida la hifadhini. Ni nafuu, na mnaruhusiwa kushuka njiani, mkae mpendavyo, kisha mpande jingine lenye nafasi. Bila kushuka utaona migongo na pembe tu.

Mimi nilikwenda Julai, mbu wakiwa wamechachamaa. Nilishuka kwenye mteremko wenye baka la theluji ambalo halijayeyuka, na juu yake karibuu wamejazana, vichwa chini, pua zinakaribia kugusa theluji. Hawali, hawanywi. Wanakimbia nzi. Kuna nzi wanaowatagia mayai kwenye manyoya, funza wakaingia chini ya ngozi, na wengine wanawarushia funza puani kabisa. Penye baridi na upepo nzi hao huzubaa. Ghafla mmoja anaruka kama aliyechomwa sindano, anatikisa kichwa, anatimka, na nusu ya kundi wanamfuata bila kuuliza kuna nini. Muda si muda wamerudi palepale. Ningeweza kushinda pale nikiwatazama.

Majike wenye ndama walijitenga kidogo. Ndama akiachwa nyuma analia, mama anakoroma kumjibu, wanapatana. Na majike nao wana pembe, jambo ambalo hulikuti kwa kulungu wa aina nyingine. Madume huangusha zao baada ya msimu wa kupandana, lakini jike mwenye mimba hubaki nazo hadi karibu na kuzaa, na wakati wa baridi humsaidia kulinda shimo alilochimba kwenye theluji kutafuta malisho.

Wakati wa kurudi dereva alizima injini ili kundi livuke barabara. Mkipata bahati hiyo nyamazeni: utasikia tik, tik, tik. Ni kano za miguuni zinazoteleza juu ya mfupa kila wanapokanyaga.

Sasa, aliyezoea nyumbu wa Serengeti apunguze matarajio. Kundi la Denali ni takriban 2,000 tu, tena wametawanyika. Anayetaka umati aende kaskazini zaidi kwa kundi la Porcupine, lililohesabiwa zaidi ya 200,000 mwaka 2017, ila huko gharama ni ya ndege ndogo na mfuko wako utalia.

Barabara nayo ilikatwa na maporomoko ya ardhi Agosti 2021, kwa hiyo basi letu liligeuza kilomita ya 69 kati ya 148. Chakula na maji beba mwenyewe, njiani hakiuzwi kitu. Darubini pia njoo na yako. Niliyokodi kwenye nyumba ya wageni ilikuwa na ukungu ndani ya kioo. Mita 23 kutoka kwa karibuu ndiyo mwisho wa kusogea, ni sheria.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimewakata mbu.